Kizibao cha Bi Somoe

"Mama ana kizibao! Kinajua njia kuliko wewe!" Farhan alimfokea dada yake.

"Kinajua njia, mbona kimemtia mtaroni?" Nusaiba alijibu. Alikuwa amekuja mbio kutoka Gongo la Mboto, hata baibui hajavua.

Bi Somoe, mama yao, alikaa mkekani katikati yao, mguu umefungwa kitambaa, tope limemkaukia mpaka kwenye nywele. Presha ya macho ilimpofusha zamani, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na kila neno la mwanawe lilimwingia.

Ndugu zangu wa Chamazi, nyumba hii ilikuwa na amani. Kila Jumamosi Farhan alimshika mama yake mkono wakaenda darasa la akina mama, wakitaniana njia nzima. Asipokuwepo, yeyote aliyekutana na Bi Somoe alimwamkia shikamoo na kumpa bega. Hakuna aliyeona taabu.

Ndipo Farhan akaleta kile kizibao. Unakiunganisha na simu, unataja unakokwenda, nacho kinatetemeka: bega la kushoto, kata kushoto; la kulia, kata kulia; mgongoni, songa mbele. Kitu kizuri, sikatai. Siku ya kwanza Bi Somoe alicheka, "Jamani, kinanitekenya!" Lakini tangu siku hiyo Farhan hakumshika mkono tena. Jumamosi zake zikaishia kibanda cha mpira. Mkewe, Najat, akiombwa amsindikize mama mkwe, alijibu, "Mama nawe! Una mtambo mwilini, unataka nini tena?" Na sie majirani? Tukawa tunampisha kama gari.

Jumamosi hii njia ilifungwa turubai la harusi. Kizibao hakijui turubai. Kikamtetemesha mgongoni: songa mbele. Bi Somoe akajigonga kwenye viti, akazunguka kwa kupapasa, huku wanawake wamejaa pale, sahani za pilau mapajani, wanamtazama.

"Mwacheni, ana kifaa," mmoja akasema.

Akatumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko. Watu wazima, wenye macho yao mawili! Aibu gani hii?

"Basi, nitamnunulia kingine," Farhan alisema sasa. "Kuna kipya, kinaongea kabisa."

"Farhan," Bi Somoe aliita. "Nilipokuwa mle mtaroni, unajua hiki kilifanya nini? Kiliendelea kunitekenya. Songa mbele, songa mbele. Hakikuniuliza kama nimeumia." Akashusha pumzi. "Nawe umeingia humu ndani muda mrefu, mwanangu. Hujaniuliza."



Bi Somoe akakivua kizibao, kizito kwa tope, akakitupa miguuni pa mwanawe. "Nusaiba, nipe bega. Nahamia kwako."

"Sasa hivi, mama? Na mguu huo?"

"Sasa hivi. Bajaji zipo."

Wakatoka, mama akichechemea, mkono wake juu ya bega la binti yake. Farhan akakiokota kizibao. Kikatetemeka mikononi mwake, kikihimiza songa mbele, naye akabaki amesimama palepale.

FUNZO

Kifaa cha kuonyesha njia ni msaada. Si mtoto, si mkwe, wala si jirani. Ukiweza, mnunulie mzazi wako, kisha mshike mkono vilevile. Na wewe uliyekaa na sahani yako, ukimwona asiyeona anaelekea mtaroni, usitazame amevaa nini. Weka sahani chini. Inuka.