Kisu Kisichotoa Cheche

Jua lilikuwa limezama nyuma ya mapaa ya jirani, na Komeo alikuwa ameinama akifagia unga wa chuma chini ya meza yake ya kazi ili aifunge siku. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa hakuna kufuli mtaani lililowahi kumshinda. Karakana yake ilikuwa ile stoo ya nyuma ya nyumba, iliyotenganishwa kwa ukuta mmoja na chumba ambamo mkewe alishonea nguo za watu. Mchana kutwa hawakuonana, ila walisikilizana. Yeye alisikia cherehani, mkewe akasikia mashine ya kunolea. Mmoja akikaa kimya mno, mwenzake hugonga ukuta. Ndivyo walivyoishi miaka ishirini na sita.

"Hodi..."

Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mlangoni alisimama mwanamke mwembamba, amejitanda kitambaa cha rangi ya vumbi.

"Karibu ndani, mama."

"Hapa panatosha."

Akanyoosha mkono kupitia mlangoni. Kiganjani mwake kilikuwapo kisu cha kukunja, kidogo, mpini wa mfupa uliogeuka njano. Komeo alikifungua. Ncha ilikuwa imevunjika, na bapa lilikuwa na madoa meusi ya unyevu. Kilitoa harufu ya udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nzima.

"Unataka nikuchongee ncha nyingine?"

"Kipunguze tu, fundi. Kikitosha nitakwambia."

"Basi pitia kesho asubuhi."

"Nimetoka mbali."

Komeo alishusha pumzi. Hakuwa na roho ya kumrudisha mtu aliyetoka mbali. Alichora mstari juu ya bapa kwa kalamu ya wino mzito, akajaza maji kwenye kopo la kupozea chuma, akavaa miwani na kubonyeza swichi. Mashine ikanguruma. Akalisogeza bapa taratibu kwenye jiwe.

Hakuna cheche.

Alidhani hajaligusisha vizuri. Akakandamiza kidogo. Chuma kilikuwa kinaliwa, alikihisi kikipungua chini ya kidole gumba chake, lakini hakikutoa hata cheche moja. Wala hakikupata moto. Kadiri alivyokinoa, ndivyo kilivyozidi kuwa baridi...

Kisha ikaja harufu. Chuma kikiungua, Komeo aliijua harufu yake hata usingizini. Hii haikuwa ya chuma. Ilikuwa harufu ya ukucha ulioshikwa na moto.

Upande wa pili wa ukuta, cherehani ikanyamaza.

Alichovya bapa majini. Maji hayakulia. Cherehani ikaanza tena, polepole, kwa kusitasita. Akajiambia ni uchovu, umri nao unakwenda. Akarudisha kisu kwenye jiwe.

Cherehani ikakatika ghafla. Kitu cha chuma kikaanguka sakafuni.

Alizima mashine. Jiwe likaendelea kuzunguka lenyewe kama kawaida yake, likilia kwa sauti nyembamba inayofifia. Akachukua nyundo, akagonga ukuta mara mbili.

Kimya.

Akagonga tena.

"Unaunguza nini huko?" Sauti ya mkewe ilikuwa inatetemeka. "Kidole changu... hebu njoo."

"Nakuja."

"Endelea, shemeji," alisema mwanamke wa mlangoni.

Komeo akageuka. Kuitwa shemeji na watu asiowajua si jambo geni, wengine hufanya hivyo ili wapunguziwe bei. Lakini huyu hakuwa na utani usoni. Hakuwa hata amepepesa macho tangu afike, na hilo Komeo aliligundua wakati huo.

Akampa mgongo. Akapita mlango wa ndani, kisu kikiwa bado mkononi.

Mkewe alikuwa ameketi chini ya taa, ameshika kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mkasi ulikuwa sakafuni. Damu haikuwapo, wala kidonda. Lakini ukucha haukuwapo pia. Mahali pake palikuwa na ngozi laini, nzima, kana kwamba kidole kile hakikuwahi kuota ukucha tangu azaliwe. Na kilikuwa kifupi... Kifupi kwa upana wa punje ya mchele.

Komeo alikisogeza kidole kwenye mwanga. Mkewe hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama kisu.

"Umekitoa wapi hicho?" alinong'ona.

"Kuna mteja hapo nje. Mwanamke."

"Nilikiweka mimi mwenyewe." Akarudisha kiti nyuma. "Ndani ya jeneza. Chini ya mikono yake."

"Mikono ya nani?"

Alimweleza kwa maneno ya kukatikakatika. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alikuwa na rafiki asiyeachana naye. Siku moja walichanjana vidole kwa kisu hicho, wakachanganya damu, wakawa ndugu. Wakapeana ahadi. Miaka minne baadaye rafiki akafariki, na yeye akaogopa kubaki na kisu.

"Ahadi gani?"

Mkewe akatikisa kichwa. "Usiniulize, mume wangu."

Karakanani, mashine ikaanza kunguruma.

Komeo alirudi mbio. Chumba kilikuwa kitupu, jiwe likizunguka. Mwanamke alikuwa palepale nje ya kizingiti. Komeo aling'oa waya ukutani, na hata hivyo jiwe lilichukua muda mrefu, mrefu mno, kusimama.

"Sifanyi kazi hii," alisema.

"Ndiyo kwanza umeanza."

"Chukua kisu chako uende."

"Nipe." Akanyoosha kiganja. "Nitatafuta fundi mwingine."

Mkono wa Komeo ulikuwa umeshaanza kunyooka. Ukasimama hewani. Akaukunja, akakibana kisu kifuani kwake.

"Sikupi."

Kwa mara ya kwanza yule mwanamke akatabasamu.

"Basi kitunze, shemeji."

Komeo alipepesa macho, na mlango ukawa mtupu. Hakusikia hatua. Uani mchanga ulikuwa umelala, hauna alama ya mguu. Ilibaki ile harufu ya udongo tu...

Tangu siku hiyo kisu kimo ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa kufuli alilolitengeneza mwenyewe. Kabla mwezi haujaisha bapa lilishika doa la kutu, na asubuhi ileile mkewe akaamka na doa la kahawia begani. Komeo alilisugua lile la kisu kwa mafuta na kitambaa laini, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Jioni, bega lilikuwa safi. Kwa hiyo kila Alhamisi anakitoa, anakipaka mafuta, na kukipima kwa rula ya chuma. Wateja wanajua kwamba Alhamisi jioni hafungui.

Mara ya kwanza bapa lilikuwa milimita hamsini na nane.

Alhamisi iliyopita alipima mara tatu, akasogeza taa karibu, akapima tena. Hamsini na sita. Kufuli lilikuwa zima, sanduku halijaguswa. Lakini makali yalikuwa na mikwaruzo mipya, ya jiwe la kunolea kwa mkono.

Alifunga sanduku, akanawa mikono, akaingia chumba cha pili. Mkewe alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, rundo la kitambaa mapajani.

"Kiko vilevile?" aliuliza.

"Vilevile."

Mkewe akaitikia kwa kichwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya kitambaa, na hakuutoa mpaka Komeo alipoondoka.