Ya Tatu Inashika

Ndugu zangu, nyumba ya fundi wa kuchomelea mageti ilikuwa na amani. Jioni alirudi, akanawa masizi, na bintiye akamletea chai kwa utani: "Baba, leo umechoma geti au nyusi?" Fundi akacheka mpaka chai ikamwagika.

Amani hiyo ilivurugwa na neno moja.

Binti alikuwa akiandaa michoro ya kuombea nafasi katika chuo cha sanaa. Alinunua kalamu za rangi ya akriliki za kampuni tatu ili azilinganishe. Habari za chuo baba alizijua. Za kalamu hakuzijua. Siku moja, akipita mlangoni, alimsikia binti akiongea na rafiki yake kwa simu.

"Ya kwanza nyepesi mno. Ya pili inapenya mpaka nyuma. Lakini ya tatu, shoga, inashika! Itikise kwanza, halafu usiwe na pupa."

Fundi alisimama kama aliyepigwa shoti. Inashika! Neno hilo alilisikia kijiweni, kwa vijana wanaomeza vidonge vya kulewesha.

Tangu hapo akawa ananusa vikombe vya binti na kupekua viatu vyake.

"Macho mekundu hayo ya nini?"

"Usingizi, Baba. Nachora."

"Kuchora gani kunakotia macho wekundu?"

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, si umuulize?"

"Mwizi gani aliulizwa akakubali?"

Kila alfajiri alipiga magoti, akalia, akamsihi Mungu amwokoe mwanawe. Wapendwa, kuomba ni kwema sana. Lakini huyu alimweleza Mungu yote, na mtoto aliyelala chumba cha pili hakumuuliza lolote.

Siku ya mwisho ya kupeleka michoro, binti alitoka kununua bahasha. Fundi akaingia chumbani. Akachukua kalamu moja, akaitikisa. Kitu kikagonga ndani: ko, ko, ko.

"Leo nimekushika!"

Akaleta msumeno wa chuma, akaikata palepale mezani. Rangi ya bluu ikaruka. Kikatoka kigololi, kile cha kukorogea rangi. Akakata ya pili, akakata ya tatu: rangi na vigololi tu. Ndipo alipoona kilichokuwa chini ya mikono yake: michoro ya binti. Akafuta kwa kiganja, akazidi kusambaza. Na rangi ile ikishakauka, haitoki.

Binti alikuta mlango wazi.

"Baba, unatafuta nini?"

"Vidonge."

"Vidonge?"

"Ulisema ya tatu inashika."

Binti akaweka bahasha chini. "Inashika karatasi, Baba. Haivuji, haibanduki. Inashika karatasi."

Chuo hakikumngoja. Fundi aliomba radhi mbele ya mama mtu, na binti akasema, "Yameisha." Lakini hayakuisha. Mpaka leo, binti akirudi nyumbani, hufungua mkoba wake mlangoni kabla hajavua viatu.

"Kagua kwanza, Baba. Kisha nikuamkie."

Naye fundi hugeuza uso ukutani.

FUNZO

Wazazi wenzangu, tuwalinde watoto wetu, maana maovu yapo kweli. Lakini shaka isiyoulizwa huharibu nyumba ambayo maovu hayo hayajaifikia. Ukimaliza kumwomba Mungu, inuka, ugonge mlango wa mwanao, umuulize kwa upole. Kisha uketi, umsikilize mpaka amalize.