Mkeka wa Mama Mkwe

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote. MaNxumalo alikunywa chai yake mlangoni, akamfokea mbuzi aliyekuwa akinusa marobota ya incema, nyasi za ziwani za kusukia mikeka, kisha akaketi mbele ya kiunzi chake cha kusukia. Kiunzi chenyewe kilikuwa fito mbili zenye panda na mti uliolazwa juu yake. Juu ya mti huo zilining'inia nyuzi, kila uzi umefungwa jiwe huku na jiwe kule. Unaweka unyasi, unarusha mawe upande wa pili, unaweka mwingine. Ko, ko, ko. Sisi majirani tulikuwa tumeizoea sauti ile hata hatukuisikia tena, mpaka inyamaze.

Alikuwa amebakiza mkeka mmoja. Binti yake, Nomcebo, alikuwa ameposwa na Bhekani wa ukoo wa Mthiyane. Ng'ombe wa mahari walishafika, sasa ilikuwa zamu ya bibi harusi kupeleka umabo, yaani mikeka na mablanketi kwa ukoo mzima wa mume, walio hai na waliokufa. Kila anayeitwa jina hutandikiwa mkeka wake, hulala juu yake mbele za watu na kufunikwa blanketi, vigelegele vikapigwa. Kwa niaba ya aliyekufa hulala ndugu yake. Anayesahauliwa amekwisha tukanwa.

MaNxumalo alikuwa mjane, na mikeka yote aliisuka mwenyewe mpaka ncha za vidole zikapasuka. Uliobaki ulikuwa wa MaGumede, mama mkwe wa Nomcebo, nao ulitakiwa uwe mpana na mzuri kuliko yote.

Mchana akaenda bombani. Aliporudi, mkeka ulikuwa umepungua.

Kipande cha upana wa shubiri kilikuwa kimefumuliwa. Mbuzi angetafuna, mtoto angevuta na kukata. Hapa mafundo yalikuwa yamefunguliwa moja baada ya jingine, na nyasi zimelazwa chini kwa mpangilio, vichwa vyote vikielekea upande mmoja. Alimwita Nomcebo, aliyekuwa ndani akipiga pasi, naye akaapa kuwa hakutoka. MaNxumalo akasonya, akakaa, akasuka upya.

Kesho yake ikawa vilevile. Na keshokutwa.

Hasira ilimpanda taratibu, kama maziwa jikoni. Mwizi angalau anakuonyesha anachotaka. Huyu hakuchukua hata unyasi mmoja. Alikuwa akimrudisha nyuma tu, kama mwalimu anayemfutia mtoto mjinga hesabu yake. MaNxumalo alizihamisha nyasi, akakigeuza kiunzi, akamfunga mbuzi, akaacha kuongea na binti yake siku nzima. Hakuna kilichosaidia. Siku moja akaokota unyasi uliofumuliwa, akaukuta umelowa. Aliunusa. Maji ya bomba hayana harufu. Ule ulinuka chumvi na tope la ziwani.

Akapeleka ujumbe kwa kina Mthiyane kuuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyesahauliwa kwenye umabo. Jibu likarudi kwamba hakuna.

Basi akamgeukia aliye karibu. MaZikhali, jirani yake wa ng'ambo ya ua, alikuwa msukaji pia, na mwezi wa Mei, ziwa lilipofunguliwa kwa ukataji, wawili hao waligombania mahali pa kukatia mpaka wakashikana vitambaa vya kichwa.

"Mimi na wewe tuligombania nyasi," MaNxumalo alimwambia, amesimama uani. "Tuligombania nyasi, si mtoto wangu. Uache mkeka wake."

MaZikhali aliweka ungo chini. "Unaniita mchawi mchana kweupe?"

"Nakuita mtu anayejua kusuka. Anayefumua vile anajua kusuka."

Wote tuliosikia tulingoja matusi. MaZikhali hakutukana. Alijifuta mikono, akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho yeye mwenyewe afungiwe ndani pamoja na huo mkeka, kwa kufuli. Ukifumuliwa, aitwe jina lolote.

Ndivyo walivyofanya. Kiunzi kikaingizwa ndani ya nyumba ya msonge, MaZikhali akaketi ukutani, MaNxumalo akafunga kufuli kwa nje na kuondoka na Nomcebo kwenda bombani. Jua lilikuwa utosini. Waliporudi, walisikia wakiwa bado njiani.

Ko. Ko. Ko.

MaNxumalo aliitua ndoo kwa kishindo. Kumbe mwanamke huyu ana uso mkavu kiasi hiki, anausuka mkeka wangu mwenyewe. Akafungua kufuli.

MaZikhali alikuwa amejikunja kule kule ukutani, ameuma ncha ya shali yake. Mawe yalikuwa bado yanayumba. Mkeka ulikuwa umerefuka.

"Sijaugusa," alinong'ona.

MaNxumalo aliinama. Mafundo yake mwenyewe yalielekea kulia, kama ya kila mtu pale kijijini. Haya mapya yalielekea kushoto.

"Alifumua ya kwako kwanza," MaZikhali akasema. "Kisha akaanza ya kwake."

"Nani?"

"Sijui. Nimeona mawe. Na pale."

Alionyesha sakafu. Mbele ya kiunzi, kwenye samadi iliyosakafiwa na kukauka, palikuwa na alama ya maji. Mtu alikuwa ameketi pale, miguu ameikunjia upande mmoja.

Ungedhani MaNxumalo angekimbia. Hakukimbia. Alitamani kulia kwa ghadhabu. Umabo ulikuwa Jumamosi inayofuata, na nyasi nyingine zisingepatikana mpaka Mei. Alifumua kazi ya mgeni, akasuka ya kwake. Mgeni akafumua ya MaNxumalo, akasuka yake. Akafumua tena. Ikasukwa tena. Mwishowe mikono ilimgomea, akauacha. Jumapili walipotoka kanisani waliukuta umekwisha, umekatwa kingo, umekunjwa.

Ulikuwa mzuri kuliko mkeka wowote aliowahi kuusuka yeye. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alitaka kuuchoma. MaZikhali akamuuliza atampa mama mkwe nini. Alitaka kumzuia Nomcebo asiende. Nomcebo akajibu, bila ufidhuli, kwamba yeye ni wa kule tayari, na binti anayerudishwa na mkeka atachekwa mpaka kaburini. Kwa hiyo mikeka ikapakiwa kwenye pikapu, ule mmoja chini kabisa, nasi majirani tukapanda, MaZikhali miongoni mwetu.

Uani kwa Mzee Mthiyane, baba yake Bhekani, watu walijaa. Majina yakaitwa, mmoja mmoja akalala, akafunikwa, akapigiwa vigelegele. Likaja jina la MaGumede. Mkeka ukatandikwa, watu wakashangilia kwa uzuri wake. Mama yule mnene, mcheshi, akajilaza huku akijisifu kwamba leo amekuwa malkia. Nomcebo akamfunika blanketi.

MaGumede akasogea kidogo.

Watu wakacheka. Akasogea tena. Kisha tena, mpaka nusu ya mwili ikawa mchangani. Vigelegele vikakatika. Alipoinuka, uso ulikuwa umemsawajika, akamshika MaNxumalo mkono.

"Umemtandikia nani huu?" alinong'ona.

"Wewe."

"Pana mtu. Ananisukuma. Ana baridi."

Mzee Mthiyane alikuja na fimbo yake kuona kulikoni. Aliinama, akapitisha kidole juu ya mafundo yale yanayoelekea kushoto. Fimbo ilimponyoka. Dada yake mkubwa, kikongwe aliyekuwa ameketi pembeni na kopo lake la uji mchachu, ndiye aliyesema.

"Mwiteni jina basi. Ni Tholakele."

"Nyamaza, dada."

"Nimenyamaza tangu nina meno."

Akaeleza mbele ya wote. Kabla ya MaGumede, Mzee Mthiyane alimposa msichana mwingine, akamtolea ng'ombe wote. Msichana akaenda ziwani kukata nyasi za mikeka ya umabo wake. Mamba akamchukua. Waliliona robota lake likielea, yeye hawakumwona tena. Baba yao akaamuru kwamba jina lile lisitajwe, lisije likamfukuza bibi harusi atakayefuata. Jina lenyewe, Tholakele, maana yake ni "amepatikana". Alisuka kwa mkono wa kushoto.

MaNxumalo alisikiliza mpaka mwisho.

"Niliwauliza," alisema. "Niliwauliza kama kuna aliyesahauliwa. Nimemwita jirani yangu mchawi mbele za watu, na ninyi mlijua."

Mzee Mthiyane alikuwa amekwisha ondoka, anaelekea zizini bila fimbo.

Ikabidi jina liitwe. Kikongwe akajilaza juu ya mkeka kwa niaba ya marehemu, akafunikwa, na safari hii hakusogezwa. Kisha mkeka ukapelekwa nyumba kubwa, ukatandikwa kule nyuma kabisa wanakokaa wazee wa ukoo waliokufa. MaGumede aliambiwa asubiri mkeka wake mpaka nyasi za Mei, akaitikia haraka. Jioni, kabla ya kupanda pikapu, MaNxumalo alimwomba MaZikhali msamaha. MaZikhali akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Asubuhi Nomcebo aliingia nyumba kubwa kufagia. Mkeka ulikuwa pale pale. Lakini nyasi zile, zilizokauka tangu Mei, upande mmoja zilikuwa mbichi, kijani kibichi kama zimekatwa leo. Kijani hicho kilikuwa na umbo la mtu aliyelala ubavu, magoti ameyakunja.

Nimeuona kwa macho yangu. Nimegusa, na vidole vikatoka na maji. Mzee Mthiyane haingii nyumba ile tena, hata kuwaomba wazee wake humtuma Bhekani. Na Nomcebo, anayefagia humo kila siku, husema kijani hakikai mahali pamoja. Kinasogea polepole kuelekea ukutani, na huku upande wa mlangoni panazidi kubaki nafasi kavu, yenye upana wa mwanamume mmoja.