Kipandio cha Tisa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la sita alimbebea bibi yake kikapu cha vitambaa na vifungo mpaka sokoni. Mtaani walimwita Hesabu, maana hakuna kitu alichokipita bila kukihesabu: madirisha, paka, hata chafya za mwalimu. Soko lilikuwa juu ya kilima, na njia ya kufika huko ilikuwa ngazi ndefu ya saruji yenye vipandio thelathini na kimoja. Haikuwa na kitu chochote cha kushikilia.

Bibi alikuwa fundi cherehani, na sare za nusu ya shule yao zilipita mikononi mwake. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na maneno yake yalikata kuliko mkasi wake.

"Wewe una miguu mipya, mimi yangu imechakaa," alisema asubuhi ile huku akitangulia. "Sasa mbona mimi ndiye niliye mbele?"

"Bibi, mimi nimebeba kikapu!"

"Visingizio hivyo, mama."

Hesabu alicheka. Alikuwa anahesabu hatua za Bibi, saba, nane, na alipofika tisa ncha ya kiatu cha Bibi iligonga ukingo wa kipandio. Bibi akaanguka kifudifudi, akajikinga kwa mkono mmoja. Hesabu alitupa kikapu, vifungo vikatawanyika hadi chini.

"Bibi! Umeumia?"

Bibi alitazama kushoto, akatazama kulia. "Kuna aliyeniona?"

"Hakuna mtu. Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Niinue upesi. Na baba yako asijue, umenisikia? Mara ya tatu sasa papa hapa, lakini asijue."

"Mara ya tatu?"

Bibi aliuma midomo. Neno lilikuwa limeshamtoka. "Niahidi, mjukuu wangu."

Hesabu alijua kwa nini. Mwaka uliopita Bibi aliteleza bafuni, na Baba, ambaye ni fundi bomba na mtu wa kutimiza alichosema, aliapa mbele ya wote: "Mama, ukianguka tena, mambo ya sokoni basi. Cherehani nakileta nyumbani, na wewe unakaa ndani." Kwa Bibi, kukaa ndani kutwa nzima bila wateja, bila porojo, bila soko, kulikuwa adhabu ya jela. Basi Hesabu akaahidi, ingawa roho ilimuuma.

Jioni ile kifundo cha mkono wa Bibi kilikuwa kimevimba. Alivaa gauni la mikono mirefu, na Baba alipouliza mkono una nini akajibu kuwa pasi ilimchoma kidogo.

"Pole, Mama," alisema Baba, akaenda mwenyewe kumtafutia dawa ya kuungua. Hesabu alimtazama baba yake akipekua kabati kwa ajili ya kidonda ambacho hakipo, na chakula kikamshinda.

Jambo moja halikumtoka akilini. Mara tatu, na zote pale pale? Jumamosi alichukua futi ya Bibi ya kupimia nguo, akapima vipandio vyote kimoja baada ya kingine. Karibu vyote vilikuwa na kimo cha sentimita kumi na sita. Cha tisa kilikuwa na ishirini na moja. Alikirudia mara mbili, jibu likawa lile lile. Mbio mpaka kwa Bibi.

"Bibi, kosa si lako! Ni la ngazi. Mguu umeshazoea kimo kimoja, halafu ghafla kipandio kinapanda juu. Naomba uniondolee ile ahadi nimwambie Baba."

Bibi aliacha kukanyaga cherehani, akafikiri kidogo. "Baba yako hatauliza kosa ni la nani. Atasikia neno moja tu, kuanguka. Sikuondolei."

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa sokoni. Halmashauri ya mji ilikuwa imepitisha mpango wa kuzuia wazee kuanguka: ngazi na njia za umma zitatengenezwa, kuanzia zile ambazo watu wameangukia. Ofisa wa afya angepita kila mtaa kuandika taarifa.

Alikuja Jumapili alasiri, mwanamume mrefu mwenye daftari kubwa, ambaye watu wote walimwita Bwana Afya. Watu walileta viti na mabenchi chini ya ngazi. Mstari wa mbele walikaa wazee: Bibi, mzee fundi saa, na mwalimu mmoja mstaafu mwenye fimbo mpya.

"Haya, wazee wangu," alisema Bwana Afya. "Nani amewahi kuanguka kwenye ngazi hii?"

Fundi saa aliangalia saa yake. Mwalimu mstaafu alikohoa. Bibi alishusha mikono ya gauni lake.

Baba akaona atoe msaada. Alisimama na kifua mbele. "Mama yangu mzazi hupanda hapa kila siku ya Mungu, na hajajikwaa hata mara moja! Wazee wa mtaa huu ni chuma."

Watu walipiga makofi. Bwana Afya alitabasamu, akafungua kalamu. "Nimefurahi sana. Basi hii naifuta kwenye orodha ya mwaka huu. Kuna mitaa ina shida zaidi."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Hesabu hakujua alisimama saa ngapi, alijikuta tu amesimama na futi mkononi.

"Usifute! Shikamoo. Samahani. Kipandio cha tisa kimezidi vingine kwa sentimita tano. Nimekipima."

Bwana Afya aliamkiwa na kukatazwa kwa pumzi moja, hata akacheka. Alichukua futi, akapanda, akapima mwenyewe. Aliporudi hakuwa anacheka tena.

"Marahaba, binti. Ni kweli. Lakini niambie, ulijuaje kuna haja ya kupima?"

Baba alikuwa anamtazama. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Siwezi kusema," alisema Hesabu, na machozi yakamlengalenga. "Nimeahidi. Lakini na uongo pia siwezi kusema."

Benchi la mbele likalia kwa nguvu. Bibi alikuwa amesimama.

"Mwacheni mtoto. Aliyeanguka ni mimi. Mara tatu, na zote cha tisa." Alipandisha mkono wa gauni, uvimbe ukaonekana. "Na pasi haikunichoma, mwanangu. Nilikudanganya. Niliogopa utanifungia ndani."

Baba alikaa chini kama aliyesukumwa. Kabla hajasema neno, mwalimu mstaafu aliinua fimbo yake.

"Mimi mara mbili. Nilimwambia mke wangu nimefukuzwa na mbwa."

"Mbwa gani?" mkewe aliuliza kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Fundi saa naye akajitosa. "Mimi nilianguka mchana kweupe, watu wakaja. Ikabidi nilale pale pale nijifanye natafuta skrubu. Wakanisaidia kuitafuta nusu saa nzima!"

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Lakini Bwana Afya alikuwa anaandika mbio mbio, na alipomaliza kulikuwa na majina kumi na moja. Ngazi ikapanda juu kabisa ya orodha.

"Wazee wangu," alisema, "kuanguka si aibu, wala si uzee peke yake. Mara nyingine ni ngazi, mara nyingine ni giza, macho au dawa unazokunywa. Mengi yanatengenezeka. Lakini sisi halmashauri hatuwezi kutengeneza tusichokijua. Leo mtoto huyu hakuvunja ahadi yake, na hakudanganya pia. Kwa sababu ya ukweli wenu, hakuna atakayeumia tena hapa kwa kosa la fundi aliyekosea kipimo."

Njiani kurudi, Baba alimshika Bibi mkono. "Nisamehe, Mama. Nilikutisha mpaka ukaogopa kuniambia unapoumia. Kesho twende ukapimwe huo mkono, na macho pia. Cherehani kitabaki sokoni."

"Ungethubutu kukigusa!" alisema Bibi, lakini hakuuachia mkono wake.

Miezi miwili baadaye ngazi ilikuwa na vipandio vya kimo kimoja, bomba la kushikilia kila upande, taa juu, na rangi nyeupe kwenye kila ukingo. Halmashauri ilikuwa imewaandikia mafundi wote wa mji kwamba ngazi yoyote ya umma lazima ipimwe kabla haijafunguliwa. Zahanati nayo ilianza kuwauliza wazee wote kama wamewahi kuanguka.

Siku ya kwanza ya kuipanda, Bibi alishika bomba na kwenda taratibu, akipapasa kwa kiatu kabla ya kila hatua. Hesabu alikuwa nyuma yake na kikapu.

"Nilidhani naficha aibu yangu," alisema Bibi, "kumbe nilikuwa naficha mtego, na mwenzangu angeuingia baada yangu. Ukiumia, mjukuu wangu, sema. Kusema kunamponya na mwingine."

Alipapasa tena kwa kiatu.

"Haya, jiandae kunishika. Hicho cha tisa kiko wapi?"

"Tumeshakipita, Bibi," alisema Hesabu. "Uko cha kumi na nne."