Redio Ilikufa, Mume Wangu Akaanza Kuniuliza Niko Wapi

Nina miaka thelathini na minne, ni mama wa watoto wawili, na ninaishi Mapendo, hapa Goma. Ukiniona barabarani utasema huyu mama amebarikiwa. Nina mume asiyelewa pombe, nina nyumba nzuri, na ninaendesha gari langu mwenyewe. Gari! Wangapi wa rika langu wamepewa gari na waume zao? Siku ile hata mimi nilipiga magoti kumshukuru... Leo nikiliona limesimama uani, ninageuza uso.

Ni gari kuukuu, lenye usukani upande wa kuume, kama mengi yanayotujia kutoka Ujapani. Kwetu tunaendesha upande wa kuume wa barabara, kwa hiyo dereva wa gari kama hilo akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja. Lazima mtu akae kushoto amchungulilie. Wangu alikuwa Neema, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyekuwa nikiishi naye. Mimi mkubwa wake ananiita yaya. Alikuwa akitoa kichwa dirishani na kupiga kelele: "Pita, yaya, pita!" Tulikuwa tunacheka sana ndani ya gari hilo.

Mume wangu, Papa Gloria, hakutaka niende Murara kwa mama yetu. Alisema kule wananijaza maneno. Ruhusa ilikuwa Jumapili moja moja, tena pamoja naye. Lakini mama alikuwa mgonjwa wa miguu... ningemwachaje? Tukitoka sokoni, mimi na Neema tulikuwa tunapinda kidogo, tunamwogesha, tunampikia, kisha tunarudi mbio.

Na kila mara Papa Gloria alijua!

Hakugomba. Alikuwa anakula fufu yake taratibu, halafu ananiuliza kama miguu ya mama inaendelea vizuri. Baada ya hapo alikuwa ananyamaza, hata watoto hawasemeshi, na nyumba nzima tunanyata kama tuna msiba.

Alijuaje? Siku moja nilijikaza nikamwuliza. Aliniangalia kwa huruma kabisa.

"Mudogo yako ananiambiaka yote," alisema. "Usimukasirikie, Mama Gloria. Ni mutoto."

Neema alilia, akaapa kwa jina la Mungu. Lakini nani mwingine alikuwa ndani ya gari? Mimi na yeye tu! Nilimtupia nguo zake ndani ya mfuko, nikamwambia aende kwa mama na asikanyage tena kwangu. Mama aliposikia alisema nimeuza damu yangu kwa sababu ya mwanaume, na kwamba nisimletee uso wangu. Papa Gloria yeye alininunulia kitenge.

Tangu hapo niliendesha peke yangu. Nyuma ya malori nilitambaa tu, sioni mbele, sithubutu kupita. Rafiki yangu alibaki mmoja, redio ya gari. Ilinipa habari ya barabara iliyofungwa, mahali risasi zimelia, na baadaye nyimbo za kwaya. Halafu nayo ikafa.

Papa Gloria alikuwa Bukavu kwa biashara zake. Na tazameni maajabu! Mwanaume huyu, ambaye hakuwahi hata mara moja kuniuliza ninakwenda wapi, siku hiyohiyo alianza kunipigia simu. Uko wapi? Uko na nani? Asubuhi, mchana, jioni! Mjinga mimi, nilifurahi, nikadhani amenikumbuka... Nilipomwambia habari ya redio, sauti yake ilibadilika. Akasema nisiiguse kabisa, mekanisie wake, fundi wa magari, ataiangalia yeye akirudi.

Lakini mimi ni mtoto wa dereva wa teksi. Nimekua nikimshikia marehemu baba bisibisi. Nisubiri mtu kwa redio tu? Gari lilikuwa linawaka, honi inalia, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Nikafungua kifuniko cha fyuzi chini ya usukani, nikakuta ya redio imeungua. Niliweka mpya. Redio ikaimba kidogo, nikatabasamu, na papo hapo ikazima tena. Fyuzi ya pili imeungua! Hapo nikajua kuna waya unaogusa chuma. Nikalegeza skrubu, nikavuta redio yote nje.

Nyuma yake kulikuwa na kijisanduku cheusi, kidogo kama kiberiti, kimezungushiwa utepe. Waya wake mwekundu ulikuwa umesokotwa pamoja na waya wa redio. Barabara zetu za mawe ya volkano zilikuwa zimeutikisa mpaka ukachubuka, shaba ikabaki wazi. Nilibandua utepe kwa ukucha, nikakifungua. Ndani kulikuwa na kadi ya simu.

Nilikaa pale mlango wa gari ukiwa wazi. Kijisanduku kilikuwa kinakula umeme wa redio. Kilikuwa kinamwambia gari liko wapi, na redio ilipokufa, nacho kilikufa. Ndiyo maana alianza kuuliza! Na Neema... Mungu wangu, Neema hakuwahi kusema hata neno moja!

Simu ikalia. Uko wapi? Nikamjibu kwa adabu kwamba niko nyumbani.

Aliporudi nilikipeleka kile kitu mbele ya wakubwa wa familia zetu. Nilitegemea watanihurumia. Baba mdogo, yule aliyepokea ng'ombe wa mahari yangu, alicheka mpaka akakohoa.

"Goma hii wezi wanaibaka motokari kila siku," alisema. "Bwana anakulinda, na weye unalia?"

Mama mkwe akaongeza kwamba kuna wanawake hawatafutwi hata wakipotea. Nikauliza habari ya Neema, kwa nini alisingiziwa. Wakasema hayo ni mambo ya watoto, yamepita. Papa Gloria alikaa na soda yake, mpole, wote wakimpa pole! Kisha mekanisie wake akaja, akakirudisha palepale, safari hii na fyuzi yake yenyewe. Redio ikaimba, wakapiga makofi. Niende wapi? Ng'ombe walishaliwa, na kwa desturi yetu watoto ni wa baba yao.

Wiki hii niliacha gari mbele ya soko, simu nayo, isije ikanisema, nikaificha chini ya kiti, nikaenda Murara kwa miguu. Mama alikuwa amelala ndani, Neema yuko uani anachambua maharagwe. Nilipiga magoti, nikamwambia yote huku ninalia. Hakunifukuza. Alinipa kiti, akaniuliza kama nitarudi kwa mume wangu. Nikasema watoto wangu wako kule... Akatupa haragwe bovu pembeni.

"Yaya," alisema, "kuanzia leo usiniambie kwenye unaendaka. Akijua tena, utasema ni miye."

Nilirudi sokoni haraka kabla simu haijalia sana.

Dada zangu mnaosoma haya, nawaomba kwa machozi! Mume akijua kila hatua yako bila kukuuliza, jiulize kwanza anajuaje. Jiulize kabla hujamtupia ndugu yako nguo zake nje. Mimi nilimwamini aliyeninunulia kitenge, na sasa ninaendesha peke yangu.