Kitabu Namba Kumi na Nne

"Madam, mimi si mtoto. Hicho kitabu mliniambia kimeuzwa, na sasa hivi nakiona kikiuzwa."

Aliyekuwa akifoka kwenye simu ni Mwalimu Bundi wa Kibirichia, mteja wa Kawira tangu duka lianze. Kawira alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa wazazi wake, Githongo, akipangusa vumbi kwenye vitabu vikuukuu.

"Pole, Mwalimu. Labda kuna mtu mwingine anauza kama hicho."

"Na ako na kitambaa cha mama yako pia? Wacha nikutumie picha."

Picha ikaingia. Kawira akaikodolea macho. Kitabu cha kilimo cha viazi, doa la chai kwenye jalada, na chini yake kitambaa cheupe chenye ndege wawili wa uzi wa bluu, kile cha kutandika chini ya kila kitabu, ambacho mama yake Felicitas alikishona kwa mkono. Maelezo yalikuwa ya Kawira neno kwa neno: ukurasa wa thelathini umekunjwa, mmiliki wa kwanza ameandika jina lake kwa wino wa kijani. Jina la duka ndilo lilikuwa geni. Mukami Books, Embu.

Sasa elewa biashara yenyewe. Kawira alikusanya vitabu kwa walimu waliostaafu na kwa watoto waliomaliza shule, akavipiga picha, akaandika kasoro za kila kimoja bila kuficha. Mpenzi wake Njiru, aliyeishi mtaa wa Dallas kule Embu, ndiye aliyeviweka mtandaoni: Marketplace ya Facebook, tovuti nyingine ambako watu huuza hata sofa na magari, na makundi ya WhatsApp. Kitabu kikuukuu huwa ni nakala moja tu, kwa hivyo kikiuzwa huku lazima kiondolewe kule, na hiyo pia ilikuwa kazi ya Njiru; akisema kimeuzwa, Kawira alimtumia kitabu Embu.

Na Njiru alikuwa hasomi. Maneno ya Kawira aliyanakili, akayabandika, akasonga mbele. Mwaka jana aliwahi kubandika hata "Babe hii usiweke bado, nipigie kwanza," ikakaa Facebook siku mbili watu wakivunjika mbavu. Kawira naye alicheka. Alikuwa anampenda, angefanyaje?

Alipiga namba ya Mukami Books.

"Hello, Mukami Books." Sauti ya mwanamke, laini na yenye furaha.

"Hello dada. Niko Chuka. Naulizia hicho kitabu cha viazi. Kiko?"

"Kiko dear. Kinatoka Meru, mume wangu ndiye huleta stock."

"Mume wako?"

"Ee, Njiru. Well, bado kidogo." Akacheka. "Amenivisha pete mwezi uliopita. Harusi ni Disemba."

Kawira akakivuta kitambaa cha mama yake karibu.

"Hongera. Na hizi picha nzuri hivi, ni wewe hupiga?"

"Zii, kuna kasichana fulani huko Githongo hutufanyia kazi. Kawira, sijui nani."

Kawira akakata simu. Akakaa pale chini kati ya vitabu, uso umemvimba kwa machozi yaliyokataa kutoka. Miaka mitatu! Miaka mitatu akikataa wachumba, akiwaambia watu ana mtu wake Embu. Mara mbili nyumba hii ilipikia wazee wa Njiru waliokuwa waje kuposa. Baba yake, Mzee Murungi, alivaa koti, akakaa nje kwenye kiti tangu asubuhi, akiangalia barabara. Mara zote mbili Njiru alipiga simu saa tisa: wazee wameumwa, wazee wana mazishi. Chakula kikapoa. Majirani wakala, wakafuta midomo, wakaenda kusema. Na Jumamosi hii ilikuwa iwe mara ya tatu.

Felicitas alimkuta hapo hapo.

"Kai, ni nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mtu, mami. Njiru ana mwanamke mwingine. Amemvisha pete. Na anauza vitabu vyangu kwa jina lake."

Mama akaketi kwenye mkono wa kochi.

"Mwachie Mungu, mwari wakwa, binti yangu. Mpigie umwambie mmeachana, yaishe."

"Nimpigie aniambie sorry? Aniambie ni shetani?" Sauti ya Kawira ilipanda. "Mami, baba amekaa kwa hicho kiti mara mbili. Nataka Njiru aone aibu vile tuliona. Na nataka ajipake tope mwenyewe, kwa mkono wake."

"Utafanya nini?"

"Nitafanya kazi yangu. Nitaandika."

Aliandika mpaka jioni. Vitabu ishirini, picha ishirini, maelezo ishirini, kama kila Alhamisi. Namba kumi na nne aliipa picha ya kitabu cha hesabu cha zamani kilichopoteza jalada. Kisha akamtumia Njiru zote kwa pamoja, na ujumbe mtamu juu yake.

"Babe za wiki hii ndizo hizo 20. Ziweke kila mahali please, hata kwa magroup yenu. Wazee bado wanakuja Jumamosi?"

Jibu halikukawia.

"Sawa my queen ❤️ nitapost asubuhi. Wazee nitawaconfirm. Love you."

Hakufungua hata kimoja. Kawira alimjua kama kiganja chake.

Ijumaa saa nne asubuhi, maelezo ya namba kumi na nne yalikuwa hewani. Yalikuwa Marketplace. Yalikuwa kwenye ile tovuti ya sofa. Yalikuwa Mukami Books. Yalikuwa kwenye kundi la kwaya ya kanisa lao Embu, na kundi la mtaa wa Dallas. Na yalisema hivi:

"NAMBA 14. Mwanamume, ametumika. Jina Njiru, anapatikana Dallas, Embu. Kwa nje ni safi na anavutia. Kwa ndani amejaa uongo. Kawira wa Githongo ameambiwa kwa miaka mitatu kwamba ni wake peke yake. Mukami wa Embu amevishwa pete mwezi uliopita, naye ameambiwa hivyo hivyo. Wazee wake walingojwa Githongo mara mbili, chakula kikapoa. Picha na maneno yote ya Mukami Books yameibwa kwa Kawira. Kasoro nyingine: hasomi. Ndiyo maana ameweka tangazo hili yeye mwenyewe. Anapeanwa bure. Ukimchukua harudishwi."

Mtu wa kwanza aliandika: "Bro, uko sawa?" Wa pili: "Hii ni confession ama ni sale?" Mwimbaji mmoja wa kwaya akauliza kama solo ya Jumapili bado ni ya Njiru. Njiru alikuwa ameshazima data, ameingia kinyozi, anakatwa nywele. Tangazo likakaa saa nzima na ushee.

Kisha simu ikalia.

"Kawira! Umenifanyia nini?"

"Mimi? Nani amepost?"

"Umeandika wewe!"

"Na ukasoma, ukaona iko sawa, ukaweka. Si ndiyo?"

"Haki ya Mungu, Kawira, mama yangu ako kwa hiyo group ya kwaya!"

"Vizuri. Wangu pia ameisoma."

"Babe, sikiza. Huyo Mukami ni mambo ya business tu..."

"Pete ni mambo ya business?"

 Kwa nyuma mashine ya kinyozi ilizimwa.

"Mimi nilikupenda, Njiru," akasema, na hapo sauti ikamkatika kwa sababu ilikuwa kweli, na bado ilikuwa kweli. "Nilikupenda mpaka nikawa kasichana fulani ka kazi na sijui. Kaa na accounts zako zote. Vitabu viko kwangu."

Akakata. Haikupita nusu saa, Mukami akapiga.

"Wewe ndiye customer wa Chuka, aliyeniuliza picha jana."

"Ni mimi."

"Ungeniambia jana tu. Sasa Embu nzima inajua."

"Jana nilikuwa na uchungu. Leo pia niko nao. Pole kwa hilo."

Mukami alivuta kamasi. "Ako hapa mlangoni, anagonga. Anasema wewe ni mwendawazimu, ati yeye ndiye huandika hizo vitu zote."

"Muulize ndege wa kwa kitambaa ni wangapi. Amewapost miaka mitatu."

Kawira alisikia mlango, kisha Mukami akiuliza. Kisha sauti ya Njiru, ya mtu aliyebanwa: "Ndege gani?"

Mlango ukafungwa kwa kishindo, na simu ikakatika. Kawira akacheka peke yake, kicheko kibaya, akakimaliza kwa kilio.

Jumamosi saa sita mchana, bila mtu kutarajia, gari liliingia Githongo. Wakashuka wazee wanne wa Embu. Mmoja alibeba miraa iliyofungwa vizuri kwa majani ya ndizi, ile ya kuposa. Njiru alikuwa nyuma yao, amenyoa, amevaa suti. Pete ilikuwa imemrudia. Sasa ndiyo alimkumbuka Kawira, akaamini akiwaona wazee kwa macho yake atalainika.

Felicitas alitaka kuwafukuza.

"Waache waketi, mami," Kawira akasema. "Pika."

Wageni wakaketi. Mjomba wa Njiru, Mzee Njuki, aliyekuwa na simu ya kabambe isiyojua mtandao, akaongea kwa heshima. Akaiweka miraa mbele ya Mzee Murungi. Kama ilivyo desturi, msichana akaitwa.

"Kawira, unawajua hawa wageni?" baba akauliza.

"Namjua mmoja."

"Tupokee walichobeba?"

"Kabla sijajibu, baba, naomba huyo mmoja atusomee kitu."

Akampa Njiru karatasi. Njiru akaiona namba iliyo juu, jasho likamtoka.

"Kawira, please. Si hapa."

"Hapa. Hujawahi kusoma neno langu hata moja. Soma, halafu nitajibu."

"Soma, kijana," Mzee Njuki akasema. "Barua ya mchumba haiumi."

Njiru akasoma. Alianza kwa haraka, akadhani atapita, lakini wazee wakamwambia apunguze mwendo. Alipofika "wazee wake walingojwa Githongo mara mbili," Mzee Njuki akainua mkono.

"Ngoja. Wazee gani?"

"Ninyi, Mzee," Mzee Murungi akajibu polepole. "Aprili na Agosti. Nilikaa hapo nje nikiwangoja."

Mzee Njuki aliwageukia wenzake. Wote walitikisa vichwa.

"Sisi hatukuambiwa. Huyu alikuja jana saa mbili usiku kutuambia kuna msichana. Hatukujua kuna nyumba imetungoja." Akasimama, kofia mkononi. "Murungi, ningejua ningekuja kwa miguu. Nisamehe."

"Si kosa lako."

"Msichana," Mzee Njuki akasema, "jibu swali la baba yako."

"Hapana," Kawira akasema. "Isipokelewe."

Mzee Njuki akaiinua ile miraa kwa mikono yake mwenyewe na kumwekea Njiru mapajani. Akaaga, lakini Felicitas alikuwa ameshatokea mlangoni na sufuria.

"Hakuna mzee ataondoka kwangu na njaa. Hiki kimepikwa na bado ni moto."

Kawira akagawa mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, na nyama ya mbuzi. Akawapakulia wazee wote wanne kwa magoti, kwa adabu, kuanzia Mzee Njuki. Akampakulia baba yake. Akampakulia mama yake. Alipomfikia Njiru akapita na sahani mkononi, akaenda kuketi karibu na baba yake.

Njiru akamtazama mjomba wake. Mjomba alikuwa anakula.

"Nyama imeiva, mwari," Mzee Njuki akasema, na Kawira akamwongezea mchuzi.