Kadi Iliyoshonewa Ndani ya Mto

Asubuhi chumba chetu cha kazi huwa cheupe. Wifi yangu akifungua gunia la sufi, nyuzi hupaa polepole kwenye mwanga wa dirisha. Hutua kwenye nywele, kwenye cherehani, hata kwenye chai. Tunashona mito ya kulalia, sisi wawili tu. Ukikaa humo sana, unaota macho wazi.

Mwaka jana wifi alitolewa kizazi. Ilikuwa saratani, tena ya aina adimu. Kidonda kilipofunga akatangaza, "Mimi na hospitali basi! Mti umeng'olewa na mizizi yake."

Kisha akaanza kukohoa.

"Sufi hii," akasema.

"Sufi tu," nikaitikia. Wiki nne nzima tuliisingizia sufi.

Siku moja jirani yetu muuguzi alikuja kuchukua mito yake. Wifi akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Kikohozi hiki kina muda gani, dada?"

"Achana nacho. Ni sufi."

Muuguzi akanigeukia. "Na wewe, wifi mtu, unakohoa?"

Miaka sita navuta sufi hiyohiyo. Sikohoi. Moyo ukanilipuka paa!

"Lakini si nilishapasuliwa?" wifi akauliza. "Kimebaki nini?"

Muuguzi akaokota unyuzi wa sufi begani mwa wifi. "Gunia mnalifunga?"

"Kila jioni."

"Mbona jana nimekuta sufi jikoni kwangu, nyumba ya tatu?"

"Hiyo ilitoka kabla hatujafunga," nikasema.

"Haya. Saratani nyingi za kizazi zikiwahiwa, upasuaji hutosha. Hii yako ni kali. Chembe zake zinaweza kupita kwenye damu hata kabla ya upasuaji, zikatulia mbali, hasa mapafuni. Ndiyo maana mnaitwa kupimwa kila baada ya miezi michache, hata mkijisikia wazima. Na ukiona kikohozi kisichoisha, kutokwa damu, maumivu ya tumbo au mgongo, kukonda, usingoje tarehe. Huenda si saratani. Kipimo ndicho kitakachosema. Kadi yako ya kliniki iko wapi?"

Wifi akainamisha kichwa. Akaingia ndani, akarudi na mto wake mwenyewe, akaufumua kwa mkasi. Sufi ikamwagika. Katikati yake, kadi.

"Niliishonea humu nisiione," akasema. "Kumbe nailalia kila siku. Naogopa, wifi yangu. Naogopa sana."

Nikamkumbatia. Tukalia wote wawili, weupe kwa sufi kama vikongwe.

Kesho yake tulikwenda. Picha ya kifua ilionyesha madoa mawili madogo. Daktari hakuficha: ugonjwa umerudi, lakini umewahiwa. Wifi akaanza dawa za kupitia mshipani. Zilimchosha, zikamtoa nywele zote.

"Afadhali," akasema, akijipapasa kichwa. "Sufi haina tena pa kung'ang'ania."

Miezi ikapita. Picha ya mwisho ilionyesha doa moja halipo, la pili limenywea. Daktari akasema aendelee kupimwa bila kukosa. Sasa kadi imebandikwa ukutani, juu ya cherehani.

Ule mto ameushona upya. Jana mchana nilimkuta ameulalia, usingizi mzito, sufi ikielea juu yake kwenye mwanga. Nikasimama mlangoni, nikasikiliza kwa muda mrefu. Hakukohoa hata mara moja.